Usiitupe Kamera ya Zamani: Nilivyoigeuza kwa Amri Kwenye Yadi ya Mbao Mafinga

Juzi kijana mmoja wa Tukuyu kaniandikia: "Habari kaka. Ofisini kwetu kuna kamera ya Axis ya zamani, ile ya kugeuka. Kompyuta iliyokuwa na programu yake imekufa. Fundi kasema tutupe tununue mpya. Wewe unasemaje?"

Nasema msitupe. Na nalisema hili nikiwa na uchungu, kwa sababu hiyo "tupa, nunua mpya" niliambiwa mbele ya mteja wangu mwenyewe, na hadi leo haijanitoka.

Ilikuwa Mafinga. Mzee mmoja ana yadi ya mbao kando ya barabara kuu, misonobari ya Sao Hill imepangwa hadi inapita kichwa cha mtu. Katikati ya yadi kuna nguzo, na juu yake kamera ya Axis aliyoinunua ikiwa imeshatumika kwingine. Ilikuwa inawaka na picha yake ni safi, ila imekodolea paa la stoo. Mzee alitaka usiku iangalie lango, halafu igeukie mbao za nyuma kwenye uzio, halafu irudi langoni. Basi.

Nilimkuta fundi mwingine keshafika na makadirio ya kamera mpya za yadi nzima. Nilipofungua kompyuta yangu na kile kidirisha cheusi cha amri, alicheka mbele ya mzee. "Kamera haiendeshwi kwa kuandika, dogo." Nilinyamaza. Mzee akasema, "Mwache mwanangu ajaribu, mbao zenyewe ni zangu."

Kitu ambacho yule fundi hakukijua ni hiki. Axis ni kampuni ya Sweden, na ndiyo iliyoleta kamera ya kwanza ya mtandao mwaka 1996. Kamera ya aina hiyo ni kompyuta ndogo yenye seva ya wavuti ndani yake, yaani programu inayokuletea kurasa kwenye kivinjari, na kila kitufe unachobonyeza kwenye ukurasa wake, nyuma yake kuna anwani inayoitwa. Ukiijua anwani, kitufe hukihitaji. Axis wenyewe wameziandika anwani hizo wazi, kwa jina la VAPIX, na nyingi za zamani zinafanya kazi mpaka leo. Chombo cha kuziita ni curl, programu ya Daniel Stenberg, naye Mswidi, iliyopata jina hilo mwaka 1998. Windows imekuja nayo tangu mwaka 2018, Linux karibu zote zinayo, na kama huna kompyuta kabisa, weka Termux, programu ya kuandikia amri, kwenye simu yako ya Android, curl utaipata humo. Kwa hiyo habari ya kukosa vifaa isikuzuie.

Nilichomeka waya kwenye swichi, nikaitafuta kamera. Axis nyingi za zamani zisipopewa anwani ya mtandao (IP) na rauta hukaa kwenye 192.168.0.90, na ya mzee ilikuwa hapo hapo. Nikaiuliza imeelekea wapi (mlinzi ni jina la mtumiaji, NENOSIRI ni nenosiri lake):

curl --anyauth -u mlinzi:NENOSIRI "http://192.168.0.90/axis-cgi/com/ptz.cgi?query=position"

Ikajibu mistari michache: pan, tilt, zoom, kila kimoja na namba yake. Pan ni kugeuka kushoto na kulia, tilt ni kuinama na kuinuka, zoom ni kuvuta karibu. Basi nikabadilisha mwisho wa anwani tu:

curl --anyauth -u mlinzi:NENOSIRI "http://192.168.0.90/axis-cgi/com/ptz.cgi?pan=45&tilt=-10"

Kwenye kidirisha hapakutokea neno lolote. Amri ikikubaliwa, kamera inarudisha jibu namba 204, yaani imetekeleza na haina la kusema. Lakini juu ya nguzo tulisikia mota inanguruma taratibu, kichwa kikaacha paa la stoo na kuanza kuzunguka kuelekea langoni. Vijana wa kupakia mbao waliacha kazi wakainua macho. Mzee hakusema kitu kwa muda, halafu akaniambia, "Rudia."

Nilirudia. Naukumbuka uso wa yule fundi na sitaficha kwamba nilifurahi.

Sasa shika haya mambo. La kwanza, alama za kufungia na kufungua (" ") kwenye anwani usiziache. Watu wengi wananiandikia "kamera inageuka lakini haiinami", na nikiangalia amri yao, haina alama hizo. Kwenye Linux, ile alama ya & inakata amri palepale: kamera inapata pan peke yake, na tilt inabaki kwenye kompyuta yako. Lolote lenye & ndani, liweke kati ya alama hizo.

La pili, picha. Badala ya ptz.cgi ita /axis-cgi/jpg/image.cgi, ongeza -o picha.jpg mwishoni, picha ya wakati huo inashuka kwenye kompyuta. Kwa mzee niliyahifadhi maelekeo mawili kwenye ukurasa wa kamera, moja nikaliita lango na jingine uzio. Baada ya hapo hushughuliki na namba tena, unaandika ptz.cgi?gotoserverpresetname=lango. Nikaziweka amri hizo kwenye faili moja: geuka, subiri sekunde chache itulie, piga picha, geukia upande wa pili. Faili hilo linaitwa na cron, ratiba ya Linux inayoendesha amri yenyewe kwa muda uliopanga, kila baada ya dakika chache. Ukitaka tarehe kwenye jina la picha, iandike ndani ya faili, usiiandike kwenye mstari wa cron, kwa sababu cron inaichukua alama ya % kama mwisho wa mstari.

Ukungu wa asubuhi wa Mafinga hauna amri. Picha za alfajiri zitakuwa nyeupe, mwambie mteja mapema. Na umeme ukikatika ukarudi, rauta inaweza kuipa kamera anwani nyingine na mipango yako yote ikagoma, hivyo ifungie anwani moja.

La tatu ndilo ninalolipigia kelele kila siku, na bado watu hawasikii. Usiifungulie kamera ya zamani mlango kwenye rauta ili uione ukiwa mbali. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai ilikusanya kamera na rauta duniani kote kwa kujaribu tu majina na manenosiri ya kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo ikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, tovuti kubwa zikapotea hewani. Zile kamera zilikuwa nzima, wenyewe waliziacha wazi. Badilisha nenosiri leo. Ukitaka kuona yadi ukiwa Mbeya, pitia VPN au ssh, njia zinazoficha mawasiliano yako mtandaoni. Na nenosiri lisikae kwenye amri kama nilivyoandika hapo juu kwa ajili ya mfano, kwani linabaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kila atakayekaa hapo atalisoma. Liweke kwenye faili la .netrc, lifunge kwa amri ya chmod 600 ili ulisome wewe tu, kisha tumia curl -n, nayo italisoma humo.

Vijana wenzangu wa nyanda za juu, someni nyaraka. Mimi sikusomea chuo cha kamera. Nilikaa Mwanjelwa, Mbeya, na kurasa za VAPIX, bando langu na kamusi, hadi zikaniingia. Mteja anayeuza mbao za mbili kwa nne anajua thamani ya shilingi yake. Ukimtupia kitu kizima kwa sababu wewe hujui kukiendesha, umemwibia, hata kama umempa risiti. Mtu asikuambie huwezi kabla hujajaribu. Soma, jaribu, soma tena.

Wewe wa Tukuyu, anza na ile amri ya query=position. Ikikujibu namba, kamera inageuka na kazi imebaki ndogo. Ikikujibu 401, nenosiri siyo, muulize aliyekuwa anaishika zamani. Akiwa hapatikani, panda ngazi ubonyeze kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, uianze upya na nenosiri lako. Ikikaa kimya kabisa, nitumie namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko chake. Nenosiri usinitumie.