Usishone Praidi kwa Kipimo cha Jirani

Mimi ni fundi cherehani hapa Kisumu. Kibanda kilipo sitasema, na mambo mawili matatu nimeyageuza kidogo ili nisitafutwe. Nimevaa tepu ya kupimia shingoni kwa miaka 14. Nimepima vifua, viuno na mabega ya watu wengi, wanawake kwa wanaume, na mapema kabisa niligundua kwamba moyo wangu huruka kwa baadhi yao, na hao baadhi wanatoka pande zote mbili.

Kila Juni ikikaribia, mwezi wa Praidi, sherehe ya sisi tunaopenda jinsia yetu au pande zote mbili, simu yangu hupokea ujumbe wa wasichana walioelekezwa kwangu na rafiki wa rafiki. "Dada, mwaka huu nimechoka kujificha. Nimwambie mama kabla ya Praidi ama baada?" Huwa siwajibu siku hiyo hiyo. Mtu aliyeamka na hamu ya kujitangaza anafanana na mteja anayetaka gauni la harusi kesho asubuhi. Atalipata, lakini litamkaa vibaya.

Langu lilinikaa vibaya. Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu ndoa za jinsia moja nchi nzima, na mitandao ikajaa picha za watu waliojipaka rangi za upinde wa mvua. Usiku huo nilikuwa Nyalenda katika chumba cha kupanga, msichana niliyempenda amelala kando yangu. Nilifurahi utadhani hukumu imesomwa Kisumu. Nikaipaka picha yangu zile rangi, nikaandika maneno mawili ya furaha, nikalala. Mwezi uliofuata Rais Obama alikuja Nairobi akaligusia jambo lenyewe mbele ya Rais Uhuru Kenyatta, naye Uhuru akajibu kwamba kwa Wakenya hilo si suala. Si suala! Kwenye ploti yetu lilikuwa suala kuanzia bombani hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kabla Agosti haijaisha, mwangalizi wa ploti alileta ujumbe wa mwenye nyumba kwamba chumba kinahitajika. Dipoziti haikurudi. Cherehani niliihamisha kwa mkokoteni saa kumi na moja alfajiri, nikiishikilia isianguke kwenye mashimo. Msichana alirudi kwao Siaya, na mapenzi yetu yakafia kwenye simu, bila hata ugomvi wa kukumbuka.

Mapenzi siyajutii. Najutia kipimo. Nilikata kitambaa changu kwa mwili wa mtu wa New York, mtu mwenye mahakama nyuma yake na nyumba ambayo hawezi kufukuzwa kirahisi, halafu nikashangaa nguo inanibana makwapani.

Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye sherehe, tuanze na mwili wenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili katika shule ya bweni kulikuwa na msichana aliyenisuka kila Jumamosi. Nilikuwa nafumua nywele Ijumaa usiku, hata kama bado zilikuwa nzuri, ili kesho yake nikae tena katikati ya magoti yake. Likizoni, kanisani kwetu Bungoma, kulikuwa na mvulana aliyepiga ngoma ya kwaya, na huyo naye nilimwangalia mpaka nikakosa kuimba. Kwa miaka mingi nilidhani huyu wa pili anamfuta yule wa kwanza. Nikimpenda mvulana, nilijiambia, basi yale ya nywele yalikuwa utoto. Halafu nikimpenda msichana, najiona nimemdanganya mpiga ngoma.

Wasichana wengi wanaoniandikia wamekwama hapo hapo. Mmoja aliniuliza ahesabu vipi asilimia. Nilimwambia aache hesabu, kisha nikamweleza kuhusu bendera ambayo Michael Page aliitengeneza mwaka 1998 kwa ajili yetu tunaopenda pande zote. Ina waridi juu, buluu chini, na zambarau katikati. Fundi ataielewa upesi: gawa kitambaa sehemu tano zilizo sawa, mbili ziwe waridi, moja zambarau, mbili buluu. Zambarau ni pale rangi mbili zinapoingiliana, na ndiyo nyembamba kuliko zote. Maisha yangu mengi yamepita kwenye huo mstari mwembamba. Wanawake wananiambia siku moja nitaolewa niwaache, wanaume wanadhani ni mchezo wa kuwasisimua wao. Tangu 1999 tuna hata siku yetu, 23 Septemba, na kusema kweli naipenda kuliko Juni kwa sababu hakuna anayeikumbuka, kwa hiyo naweza kuisherehekea kwa chai na mandazi kibandani bila mtu kuniuliza.

Na jina? Chukua litakalokutosha, au usichukue. Majina tuliyopewa mitaani yameshonwa ovyo. Shoga, kwa wanawake wa Pwani, ni rafiki yako wa kike wa kuambiana siri, lakini sokoni ni jiwe la kumrushia mwanamume. Lile jingine linaloanza na m ndilo linalonichekesha zaidi, maana kwetu Waluhya senge ni shangazi, dada ya baba, na ndiye mwenye kazi ya kumfundisha msichana mambo ya mapenzi. Ongeza herufi moja mbele, umetukana. Wenzangu wengi hapa hujiita kuchu, neno tuliloazima Uganda, na mimi hulitumia nikiwa nao. Nikiwa peke yangu sijiiti chochote. Najiita kwa jina langu.

Sasa Praidi. Watu hudhani ni lazima iwe barabara pana, magari yenye muziki, na mwanamume aliyevaa mabawa. Yale maandamano ya kwanza ya New York ya tarehe 28 Juni 1970 yalikuwa ya kukumbuka usiku ambao polisi walivamia baa ya Stonewall, mwaka mmoja kabla, na wateja wakakataa kutawanyika. Lakini mimi huwaelekeza wasichana wangu Johannesburg, 13 Oktoba 1990. Siku hiyo, katika maandamano yaliyoandaliwa na wanaharakati akina Simon Nkoli na Beverley Ditsie, baadhi ya watu walitembea wamevaa mifuko ya karatasi kichwani, imetobolewa macho. Walikuwa na kazi, walikuwa na wazazi, picha ingewamaliza. Walivaa mfuko wakatembea. Sijasikia mtu akisema hao hawakuwepo.

Mfuko wa karatasi ni kipimo. Ulipimwa kwa kichwa cha mtu fulani, katika mji fulani, mwaka fulani.

Kipimo chetu mwaka jana kilikuwa sebule moja Mamboleo, watu tisa, pazia zimefungwa, redio imewekwa rhumba ya sauti ya juu kidogo ili majirani wadhani ni chama cha wanawake. Tulikula mbuta ya kukaanga na kuon, ugali kwa sisi wengine, na keki yenye rangi sita ambayo aliyeipika alichanganya rangi vibaya, tabaka la buluu likatoka kama gugumaji la ziwani. Binyavanga Wainaina alikumbukwa, mwandishi, mtoto wa Nakuru, aliyejitangaza Januari 2014 huku nchi nzima ikimtazama, akafariki Mei 2019. Mmoja wetu alisema angetamani ushujaa wake. Mwingine akajibu kwamba Binyavanga alikuwa na miaka 43 na jina tayari, na wewe una miaka 20 na karo inalipwa na mjomba. Tukacheka, lakini hilo jibu ndilo ninalowapa wasichana wangu. Anayekulipia karo au kodi asiwe wa kwanza kuambiwa.

Sheria nayo ijue ilivyo, usiishi kwa uvumi. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinataja miaka 14 kwa tendo linaloitwa kinyume cha maumbile, na cha 165 kinawataja wanaume na miaka 5. Tuliviachiwa na Mwingereza, ambaye kule kwake alianza kulegeza mwaka 1967. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Habari ilinikuta nampima mama mmoja kiuno, redio ikisema, naye akisema "heri", na mimi ikabidi nisome tepu kama sijasikia. Niliandika inchi zisizo zake, sketi ikarudi mara mbili. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kulinyima usajili shirika la kututetea ni ubaguzi. Ukiunganisha hayo yote, vifungu vinaadhibu tendo. Kuvutiwa, kukaa pamoja, kula keki mbovu, hakuna kifungu kinachokataza. Ila mwenye nyumba hasomi vifungu, na umati hauna wakili.

Na kuna hatari inayokuja ikitabasamu. Kijana mmoja rafiki yangu alikutana na mpenzi kwenye simu, wakapanga kuonana jioni Kondele, akakuta wanaume watatu. Walimtolesha shilingi 18,000 ili wasimpeleke kwao na picha. Mkutane mchana, mahali penye watu. Dunga, kule ufukweni, panafaa, mnaagiza samaki na kila mtu anaangalia sahani yake. Mwambie rafiki uko wapi. Picha yenye uso isiwe na kitu ambacho hungependa mchungaji akione.

Nimesema nani asiwe wa kwanza. Nani awe? Mimi nilimchagua senge. Nilimpa kwanza siri ndogo, kwamba nilikuwa na deni la cherehani ya pili. Nikangoja miezi minne nione kama itanirudia kupitia kwa mama au binamu. Haikurudi. Ndipo Desemba, nyumbani kwake upande wa Kimilili, tukiwa tumekaa tunachambua maharagwe, nikamwambia kwamba yule ninayeishi naye Kisumu si rafiki tu.

Hakuniangalia. Alitupa maharagwe mawili mabovu, akapepeta, akatupa lingine.

"Ana wazazi?"

"Anao, senge."

"Wanajua?"

"La."

"Basi kuna mama wawili wanaongojea wakwe."

Nikanyamaza. Baadaye akanisimulia juu ya mwanamke wa Kinandi aliyemjua zamani, tajiri wa ng'ombe, asiye na mtoto wa kiume, aliyetoa mahari akaoa msichana ili apate wa kurithi mji. Nilifurahi haraka, nikadhani ananipa mila ya kuegemea. Akanikata. "Yule alitafuta mrithi. Hakuwa anamtaka msichana. Nyinyi mnatafuta nini?"

Nikasema natafuta mtu wa kula naye chakula cha jioni. Alicheka mpaka ungo ukatikisika, akasema hilo ni jambo dogo sana la kuogopea hivyo, kisha akaniuliza kama huyo mtu wangu hujua kupika engokho, kuku wa kwetu. Hajui. Senge alisikitika hapo kuliko mahali pengine popote.

Mama sijamwambia, na ni miaka minne sasa tangu siku ya maharagwe. Kuna rafiki zangu wanaoniona mnafiki. Mimi sioni kwamba mama ananidai habari hiyo. Anauliza "wenzako hamjambo?" akimaanisha mtu mmoja, nami namjibu "hatujambo, mama", na sote wawili tunajua kidogo zaidi ya tunachosema. Siku akitaka kujua zaidi ataniuliza kwa kinywa chake, na siku hiyo sitamdanganya.

Ninachofanya Juni ni bitana, kitambaa cha ndani ya koti. Jambo hili lilianza kwa mwenzangu wa nyumba, mwalimu, anayevaa koti jeusi kazini na kanisani. Nililifumua ndani, nikaweka rangi sita za upinde mgongoni, nikalifunga tena. Akivaa, hakuna anayeona. Akilivua nyumbani, analitundika limegeuzwa. Tangu hapo nimeshona makoti kumi na moja, moja la mtu wa Eldoret nililotumiwa kwa matatu. Gilbert Baker aliyebuni bendera mwaka 1978 alianza na rangi nane, na waridi ikaachwa kwa sababu kitambaa chake kilikuwa hakipatikani kwa wingi. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu cherehanini. Nani kati yetu mafundi hajabadilisha mshono kwa sababu duka limeishiwa?

Ukitaka kujishonea mwenyewe, nunua satini nusu mita ya kila rangi: nyekundu, machungwa, njano, kijani, buluu, zambarau. Kata vipande vya upana wa inchi tatu na nusu, ukiacha nusu inchi ya mshono kila upande. Anza na nyekundu chini ya kola ushuke. Weka kati ya bega na bega tu, usifike makwapani, maana jasho hula satini. Na hiyo nyekundu ifue peke yake kwanza kwa maji baridi, mara mbili, kabla hujaikata. Ile ya bei rahisi hutoa rangi, na siku ukinyeshewa Kisumu shati lako jeupe litasema kila kitu.