Mashine Ilikuwa Kwenye Kibanda cha Simu

Juzi msomaji mmoja wa London kaniandikia: jumuiya yao imechangishana, wanataka kununua mashine ya kushtua moyo. Je, pesa zitakuwa zimepotea? Ndugu yangu, umemgusa mwenye kidonda.

Mwaka 2019, siku ya Idi, hapa Midlands, katikati ya England, Ami mmoja aliyetupikia pilau miaka yote alianguka kando ya sufuria, mwiko mkononi. Tukampepea kwa kanga. Mwingine akaleta kitunguu anusishwe. Mimi nimeshika simu, dada wa 999, namba ya dharura, ananiambia nimkandamize kifua, nami nabishana naye: "Anapumua, nasikia anakoroma!" Kumbe moyo ukishasimama, mtu anaweza kukoroma hivyo kwa dakika kadhaa. Hatua kama mia mbili kutoka pale, ndani ya kibanda chekundu cha simu cha zamani, mashine ilikuwa inaning'inia. Nilikipita kila asubuhi, nikidhani ni mitambo ya manispaa.

Ami tulimzika Jumatatu.

Baadaye ndipo nikajifunza hesabu. Kila dakika inayopita bila mshtuko wala kukandamizwa kifua, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 10. Ambulansi za England, kwa dharura kama hiyo, zimewekewa lengo la kufika kwa wastani wa dakika 7. Toa mwenyewe.

Nikaanza kuchangisha. Maneno niliyoyasikia kwenye kamati sitayasahau. "Pauni 1,100 kwa kisanduku?" (Ukumbi wa harusi ya mwezi ule ulikuwa ghali zaidi, hakuna aliyeguna.) Mzee mmoja akauliza: kikiongea Kiingereza, nani atamtafsiria mgonjwa? Tukacheka, lakini swali lile ndilo lililonifanya niandike maelekezo kwa Kiswahili na kuyabandika kabatini: washa, bandika pedi (vile vibandiko vya kupitishia umeme) kifuani pakavu, isikilize inavyokuelekeza kwa sauti. Haitamshtua mtu ambaye moyo wake hauhitaji mshtuko, kwa hiyo acheni woga.

Sasa ushauri, maana ndio mlioufuata. Kabla ya kununua, tafuteni iliyo karibu. Huenda ipo mtaani kwenu na mnaipita tu. Mkinunua, iwekeni nje. Iliyofungiwa ofisini usiku ni pambo. Isajilini kwenye The Circuit, orodha ya taifa ya mashine hizi, ili wa 999 wajue ilipo na wamwelekeze mtu. Tena, tafuteni iliyo karibu! Na wafundisheni akina mama wa jikoni kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa sababu wao ndio wanaokuwepo mtu akianguka. Tusiwe watu wa kuchangia matanga tu, jamani, uhai tukaubania.

Yetu iko ukutani, taa ya kijani inamwekamweka. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi naikagua: betri, tarehe ya pedi. Yule aliyeguna kuhusu kisanduku alipiga nayo picha siku ya uzinduzi, kasimama mbele yangu.