Unaanza Kusoma Ulibertari? Usianze na Kaulimbiu

Wanaoanza hudhani walibertari, yaani wanaotanguliza uhuru wa mtu binafsi mbele ya mamlaka ya serikali, wote wana neno moja: serikali ipungue. Ipungue hadi wapi? Hapo ndipo wanapoachana. Mwanafalsafa Robert Nozick, mwaka 1974, alitetea dola ya mlinzi wa usiku: izuie mabavu, wizi na ulaghai, isimamie mikataba, basi. Mchumi Murray Rothbard alitaka hata polisi na mahakama ziwe huduma za kununuliwa. Mchumi Friedrich Hayek, kinyume chake, alikubali serikali iwahakikishie watu kipato cha chini. Ukimtia kapu moja na Rothbard, umeshapotea.

Kila hoja unayoisoma, andika pembeni: ya haki au ya matokeo? Ya haki husema kumtoza mtu kodi kwa lazima ni kumnyang'anya, hata fedha ikijenga zahanati. Ya matokeo husema sera fulani italeta hasara. Ukimletea takwimu mtu anayezungumzia haki, mtabishana mpaka usiku na hakuna atakayemgusa mwenzake.

Kisha chukua sheria moja uipigie hesabu kwa mkono. Tuseme kodi ya pango ni 100, nyumba zinazotolewa ni 80, wapangaji 80. Sheria inaweka ukomo wa 70. Sasa wenye nyumba wanatoa 60, wanaozitaka wanafika 95. Pengo ni 35. Wengi hufunga daftari hapo, na ndipo somo linapoanza. Hizo 60 zitagawanywaje? Kwa foleni, kwa kujuana, au kwa kilemba kisicho na risiti. Mwenye nyumba naye haoni haraka ya kuziba paa, maana mpangaji akihama, wengine wako mlangoni. Halafu taja walionufaika: wapangaji ambao tayari wamo ndani. Kuwaficha ni uvivu, na mpinzani wako atawakumbuka.

Pagumu zaidi ni moshi wa kiwanda unaowafikia majirani. Mchumi Ronald Coase alionyesha mwaka 1960 kwamba haki zikiwa wazi na mapatano yakiwa hayana gharama, wahusika wanaweza kuelewana wenyewe. Wanafunzi hulishika hilo na kuliacha sharti lake. Majirani wawili watakaa wakapatana. Watu 10,000 wanaovuta moshi huohuo hawatakusanyika kirahisi, na kila mmoja atangoja mwenzake achangie. Kwa hiyo kabla ya kuandika "soko litatatua", hesabu wahusika, kisha uliza nani atagharamia kikao.