Si kisu wala kikwaruzo peke yake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama jibini ya kuyeyushwa juu ya tosti ikatwe vipande au ikwaruzwe. Nilikusudia kujibu kwa neno moja tu, ikwaruzwe, maana nimewasahihisha watu wa nyumbani kwangu kuhusu jambo hili kwa miaka mingi. Nyuzi nyembamba hupata joto kwa haraka na kwa usawa, ilhali kipande kinene huungua juu huku chini kikiwa bado kigumu, na mkate nao huzidi kuwa mweusi kingoni.

Hata hivyo, kabla sijamaliza sentensi ya kwanza nilikumbuka jioni moja ambayo sijawahi kuisimulia. Mama alikuwa ametoka hospitalini, na kwa siku mbili alikuwa akirudisha kila sahani kama ilivyoletwa. Siku ya tatu akasema mwenyewe kwamba angependa tosti yenye jibini. Nilikimbilia friji, nikatoa jibini ngumu iliyokomaa kwa muda mrefu, nikaikata vipande vya unene wa kidole kwa sababu nilitaka ashibe, nikawasha moto wa juu wa oveni hadi mwisho. Baada ya dakika chache uso ulikuwa umebabuka, mafuta yanachuruzika na kuulowesha mkate, na katikati jibini imesimama ngumu kama mshumaa. Niliitupa. Mara ya pili nikaikwaruza ileile, nikaitandaza vizuri kama ninavyowafundisha wengine. Iliyeyuka upesi zaidi, lakini mafuta yalijitenga tena, na kilichobaki juu ya mkate kilikuwa chengachenga ngumu. Mama aliinusa, akasema, “Ahsante mwanangu, umehangaika,” kisha akageukia ukutani. Shukrani ile iliniuma kuliko ambavyo lawama ingeniuma.

Mdogo wangu aliyekuwa akitazama hakusema neno. Alichukua jibini changa, laini, ambayo mimi nilikuwa nimeiruka, akaikata ingali baridi kwa kisu kikali, vipande vyembamba karibu vya kuona mwanga upande wa pili, akaviacha mezani. Akachoma mkate pande zote mbili, akaufunika wote hadi kingoni, akauweka kwenye rafu ya chini zaidi, mbali na moto. Tulingoja tumesimama. Jibini ililegea polepole, ikatambaa, ikang’aa bila kutoa tone la mafuta. Mama aliimaliza yote, kisha akauliza kama mkate umebaki.

Kwa miaka yote nimeikumbuka jioni ile kama jioni ambayo Mama alianza kula, na sikuwahi kukiri kwamba jibini iliyofaulu ilikuwa imekatwa, si kukwaruzwa. Sababu yake ninaifahamu. Mafuta ya jibini huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 32 hivi za Selsiasi, lakini wavu wa protini unaoyashikilia hulegea baadaye sana: karibu nyuzi 55 kwa jibini laini, karibu 65 kwa zile za namna ya cheddar, na 80 au zaidi kwa zile kavu kama Parmesan. Jibini iliyokaa muda mrefu ina maji machache na protini zake zimekwisha kukatikakatika, kwa hiyo moto mkali huyafukuza mafuta kabla wavu huo haujalegea. Jibini changa ina maji ya kutosha na wavu mzima, ndiyo maana hutiririka kwa pamoja.

Basi swali la kwanza lingekuwa umri wa jibini, la pili ukali wa moto, na umbo lingekuja la tatu. Aliye na jibini changa na kisu kikali aikate nyembamba, wala asisumbuke na kikwaruzo. Ninaliandika hili kwa shida, lakini ninaliamini. Aliye na jibini iliyokomaa ndiye anayehitaji kukwaruza, na hata yeye ni heri aichanganye kwanza na kijiko cha mchuzi mzito wa maziwa na unga, kwa kuwa wanga huyazuia mafuta yasijitenge. Welsh rarebit, yaani tosti ya Wales yenye mchuzi wa jibini, mara nyingi hutegemea mchuzi uliofanywa mzito kwa unga namna hiyo. Haya yote hayahusu jibini za aina ya halloumi wala paneer, ambazo hubabuka tu bila kuyeyuka hata zikikatwa vipi. Na atakayekwaruza akwaruze mwenyewe kutoka kwenye bonge, kwa sababu ile inayouzwa ikiwa imekwisha kukwaruzwa mara nyingi hunyunyiziwa wanga mkavu ili isishikane, na unga huohuo huzifanya nyuzi zichelewe kuungana juu ya mkate. Aikwaruze ingali baridi, maana ikilegea hunata kwenye matundu, kisha aiache mezani ipoteze ubaridi wa friji wakati mkate unachomwa.