Makato kwanza, mwanangu

Mwanangu Somoe,

Salamu kutoka Masasi, sote wazima. Umeniuliza umpe nani pesa yako ya uzeeni, ile ya ziada nje ya NSSF: dalali wa hisa mwenye programu nzuri ya simu, au yule mwenye kamisheni ndogo. Nakujibu bila kuzunguka: mwenye kamisheni ndogo, mradi ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Wewe umekulia kwenye korosho. Tangu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, ianze huku msimu wa 2007, bei ya mnada kila mtu anaisikia, lakini mkulima makini anauliza makato: ushuru, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri. Kinachoingia mfukoni ni kile kilichobaki. Pesa ya uzeeni nayo ni hivyo, tena yenyewe inakatwa miaka na miaka.

Chukua milioni 10. Zikikua kwa asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka 25 zinakaribia milioni 108. Ada ikila asilimia moja, zikakua kwa 9, utakuta kama milioni 86. Milioni 22 zimeondoka, na hutaona siku zilipotoka. Hiyo asilimia 10 ni ya mfano tu. Akitokea mtu wa kukuahidi faida fulani kwenye hisa, mkimbie.

Sasa tofautisha. Ada ya mfuko wa pamoja, unaowekeza pesa za watu wengi kwa pamoja, kama mifuko ya UTT AMIS, inakatwa ndani kwa ndani, na thamani ya kipande, yaani sehemu yako ya mfuko, unayotangaziwa imeshakatwa. Kamisheni ya dalali inakatwa unaponunua na unapouza. Kwa hiyo ukinunua hisa ukatulia nazo, dalali anakula mara moja. Anayekupigia kila wiki uuze hii ununue ile, hata kamisheni yake iwe ndogo vipi, huyo ndiye ghali. Hapo ndipo ninapokuomba uwe mgumu, mama.

Usiogope kwamba ofisi yake ni ndogo. Hisa zako zinaandikwa kwa jina lako kwenye akaunti ya CDS, yaani daftari kuu la kielektroniki la hisa, hazikai kwenye droo ya dalali. Akifunga, zinabaki zako, na unaweza kwenda kwa mwingine.

Kabla hujasaini, waulize wote wawili kima cha chini cha kamisheni kwa kila manunuzi. Kama kipo, elfu hamsini yako ya kila mwezi itaumia. Ikusanye kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ambao pesa yake ni rahisi kuitoa, kisha ununue mara moja kila baada ya miezi mitatu.

Majibu yao wakupe kwa maandishi. Nipigie picha karatasi hizo unitumie, tuzisome pamoja kabla hujatoa hata shilingi.

Baba yako