Weka chini hiyo bekingi soda: supaglu inataka utando mwembamba

Usiinyunyize. Kama bado hujabandika, weka kopo mbali kwanza, halafu ndiyo usome.

Umesema mkono wa kikombe umekatika, umepaka supaglu, dakika kumi zimepita bado unateleza, na sasa unataka kuongeza gundi, umwagie bekingi soda juu yake kisha ubandike. Umeuliza pia kuhusu mguu wa kiti. Naanza na kikombe maana hicho hakina nafasi ya pili.

Supaglu haikauki kama rangi. Inagandishwa na unyevu kidogo sana ulioko usoni mwa kitu unachokiunga. Kwa hiyo inaanza kugandia kwenye nyuso na kwenda ndani. Utando mwembamba unaguswa na unyevu wa pande zote mbili, unashika kwa sekunde chache. Tone nene linafunga nje tu, katikati linabaki majimaji. Yako inateleza kwa sababu umepaka nyingi, na unataka kuongeza!

Tone moja linatosha eneo la sentimita 6 za mraba. Ncha ya mkono wa kikombe haifiki hapo, hivyo nusu tone kwa kila ncha.

Sasa hiyo bekingi soda. Ni alkali, na supaglu ikigusana na alkali huganda papo hapo, yaani kabla hujakutanisha vipande. Chembe zinakaa katikati kama mchanga, kingo hazikutani tena, na huwezi kusogeza hata kidogo. Kinachobaki ni kigumu lakini chepesi kumeguka, na mkono ukibebeshwa uzito unakatikia palepale. Ukitaka kurudia, inabidi ukwangue ule ukoko, na kila ukikwangua unang'oa vipunje vya udongo wenyewe. Kingo zilizovunjika leo zinaingiana sawasawa, jino kwa jino. Zikishakwanguliwa haziingiani tena maisha. Hasara yote iko hapo.

Na hao wanaorusha video za "supaglu kwa sekunde moja" wananiudhi sana, kwa sababu niliwaamini na vyombo vikaishia jalalani. Wanaonyesha unga ukitoa moshi na kuwa jiwe, basi. Mkono ukivutwa kesho yake hawaonyeshi. Hawasemi kuwa mbinu ile ni ya kujaza pengo, si ya kuunga. Wengine wanasema hata bekingi pauda ni sawa. Si sawa: bekingi pauda ina asidi ndani yake, na asidi ndiyo wanayotia watengenezaji ili gundi isigande chupani.

Fanya hivi. Futa gundi mbichi kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Osha kikombe, kiache siku nzima kikauke, kwa sababu pale palipovunjika hapana ung'aro na udongo unanyonya maji. Yakibaki mengi gundi inatoa povu jeupe na kukosa nguvu. Jaribu kukutanisha vipande bila gundi mpaka ujue vinavyokaa. Paka upande mmoja ile nusu tone. Upande wa pili upumulie mara moja kwa kinywa wazi, kama unayesafisha miwani. Ukungu ule ndio kichocheo chako. Kutanisha mara moja, bana bila kuzungusha, shikilia sekunde 60, kisha usiguse saa 24. Usitumie mashine ya kukaushia nywele, inafukuza unyevu unaouhitaji.

Kama una dawa ya kupulizia ya kugandisha gundi, puliza upande usio na gundi, acha iruke hewani, ndipo ubandike. Ukiipuliza juu ya gundi mbichi iliyo nene inachemka, inakuwa nyeupe na yenye vitundu.

Bekingi soda ina kazi baada ya hapo, kama kuna kipande kilichopotea kwa nje. Jaza unga kwenye pengo, dondoshea gundi nyepesi, subiri ipoe, piga msasa, ongeza tabaka. Inapata joto kali, kwa hiyo usiishike. Na usifute supaglu kwa pamba au kitambaa cha pamba: nyingi ikilowa humo inachemka, inatoa moshi na kuunguza ngozi.

Mguu wa kiti usiupake supaglu kabisa, tumia gundi nyeupe ya mbao na uubane kwa klampu usiku mzima.

Kikombe chenyewe usikitilie tena kitu cha moto hata kikishika vizuri. Supaglu inalegea kwenye joto, na mkono ukiachia, maji yanayochemka yanakumwagikia mapajani. Kiwekee kalamu.