Hiyo ni My Best Girl, si It

Umesema filamu ya msichana wa stoo anayempenda mtoto wa mwenye duka bila kujua ni nani ni It, ya Clara Bow. Hapana, msichana huyo ni Mary Pickford katika My Best Girl. Watu huzichanganya filamu hizi kwa sababu zote mbili ni filamu bubu za 1927 na mashujaa wake ni wasichana wa dukani. Nimezitazama zote zaidi ya mara moja. Katika It, Clara Bow anajua tangu mwanzo kwamba kijana anayempenda ndiye bosi, na anamtamani waziwazi. Maggie wa Pickford anadhani Joe ni mfanyakazi mgeni, kwa hiyo yeye ndiye anayemfundisha kazi! Hapo ndipo utamu wa filamu ulipo: mapenzi yanaanzia kazini, wakila chakula cha mchana pamoja ndani ya kasha la mizigo, kabla pesa hazijaingia kati.

Aliyecheza Joe ni Charles "Buddy" Rogers, na ni kweli alikuja kumuoa Pickford, ila ilikuwa 1937, miaka kumi baadaye.